Tulivyoomba Kuongeza Elfu Moja

Kaka yangu hajawahi kuiba. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna faili mahali fulani mjini, nene kama tofali la kuchoma, ambalo linajaribu kuonyesha kwamba pengine aliiba, na kama hakuiba basi aeleze ni kwa nini, kwa maandishi, nakala tatu, kila ukurasa ukiwa na muhuri.

Biashara yetu ni ya waya. Tuna madishi matatu juu ya paa la nyumba ya kupanga mtaa wa Sokon I, mjini, na kutoka pale waya unatambaa nguzo kwa nguzo mpaka sebuleni kwa mtu. Mtu analipa kila mwezi, anaangalia chaneli zake, na zikikatika anapiga simu kututukana. Kaka ndiye mwenye kampuni na ndiye anayepanda ngazi. Mimi ni karani, mpokea simu, mpokea matusi, na tangu bei za waya zianze kusimamiwa na serikali, mimi pia ni Mkuu wa Idara ya Uzingatiaji. Cheo hicho nilijipa mwenyewe siku nilipokutana na fomu iliyouliza jina la mkuu wa idara hiyo. Chini yake iliuliza idadi ya watumishi wa idara, nikaandika mmoja. Ikauliza kama idara ina mpango wa kurithishana madaraka. Nikaandika ndiyo, kwa sababu nina binti.

Ofisi inayosimamia bei ina jina refu kuliko waya wetu, kwa hiyo sisi tuliiita Ofisi ya Bei, na hapa nitaiita hivyo hivyo. Sina ugomvi na nia yake. Nia ni njema kabisa: mnyonge asinyonywe. Makampuni makubwa yalikuwa yanaamka asubuhi na kupandisha bei kama vile yameota, Ofisi ikatunga kanuni za kuyabana, na makampuni makubwa yakaajiri wanasheria. Sisi tukanunua stepla.

Wateja wetu wengi wako Sokon I na Themi. Laini ya tatu inapanda mpaka Akheri, kwetu, kwenye miteremko ya Meru, na hiyo ndiyo laini iliyotuletea haya yote. Ni ndefu kuliko nyingine zote na ina wateja wachache kuliko nyingine zote. Inapita juu ya migomba na kahawa za watu, inavuka korongo, upepo unaivuruga, umeme unaounguza vitu hauichagulii siku, na kila baada ya mita mia kadhaa inataka amplifaya, kadude ka kusukuma mawimbi yasife njiani. Mfanyabiashara mwenye akili timamu angeikata siku nyingi. Kaka aliijenga kwa sababu ni nyumbani, na mtu haelezi kwa nini kapeleka kitu nyumbani.

Halafu ipo chaneli namba moja. Hiyo ni ya kwetu wenyewe, ya kamera moja na kompyuta moja, na kazi yake kubwa ni matangazo ya vifo. Saa moja jioni picha ya marehemu inatokea, jina, ukoo, wapi msiba ulipo, siku na saa ya mazishi, halafu kwaya ya usharika inaimba pambio mbili tatu. Msinicheke. Watu wa Akheri walikuwa wanalipia waya ili wajue nani amefariki. Mpira wa Ulaya ulikuwa nyongeza. Kule kwetu nyumba zimejificha ndani ya migomba na kati yao kuna makorongo, na zamani ilikuwa lazima kijana atumwe nyumba kwa nyumba kupeleka habari. Waya ulipokuja, hakuna aliyetumwa tena. Kila mtu alijua mwenzake ameshaona.

Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyekuwa mteja wa mbali kuliko wote, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Amepita miaka themanini, magoti yanamsumbua, anaishi peke yake na ana simu ya kitochi ambayo haisikii ikiita, kama yeye mwenyewe asivyosikia akiitwa. Lakini tangu waya ufike kwake hakuwahi kukosa msiba hata mmoja. Akiweza alikwenda, asipoweza alituma mchango. Alikuwa na daftari la watu waliomzika mumewe, na alikuwa anawalipa mmoja mmoja, msiba kwa msiba.

Bei yetu ilikaa palepale miaka mingi. Gharama za chaneli zikapanda, amplifaya zikapanda, na laini ya Akheri ikaanza kula faida ya Themi. Kaka akapiga hesabu, akaniita. Akasema kila mteja akiongeza shilingi elfu moja kwa mwezi, laini ya Akheri inaishi. Asipoongeza, ikifika mwisho wa mwezi wa sita anaizima.

"Elfu moja tu," akasema. "Si wataruhusu?"

"Wataruhusu nini, kaka? Hata soda imepita huko."

Hivyo ndivyo Mkuu wa Idara ya Uzingatiaji alivyomshauri mkurugenzi wake.

Ilikuwa mwezi wa pili. Fomu ya kuomba kuongeza bei ilikuwa na kurasa thelathini na moja, pamoja na viambatisho A mpaka F. Ililetwa kwa mfumo wa kompyuta, lakini mfumo ulikuwa chini, kwa hiyo tukaambiwa tuchapishe, tujaze kwa kalamu, tupeleke kwa mkono, na mfumo ukirudi tuzijaze tena humo. Mfumo uliporudi ulikataa jina la kampuni kwa sababu lilikuwa tayari lina maombi ya kwenye karatasi. Nikawauliza nifanye nini. Dada wa mapokezi, mtu mpole sana, akaniambia niandike barua ya kuomba kufuta maombi ili niweze kuomba. Niliiandika. Jibu lake lilikuja baada ya wiki mbili likiniomba niambatanishe maombi ninayoomba yafutwe.

Kiambatisho B kilitaka orodha ya nguzo zote. Mjini si tatizo, nguzo ni nguzo. Akheri nguzo zetu ni miti, na hasa mgrivea, ambao watu wanaupanda kuipa kahawa kivuli na ambao hauombi kodi zaidi ya kwamba mwenye shamba asikatiwe picha siku ya fainali. Fomu ilitaka nichague kati ya chuma, zege na nyingine. Nikachagua nyingine. Wakanirudishia nifafanue. Nikafafanua. Wakanirudishia tena: kila nguzo ya aina nyingine itajwe mwaka ilipotengenezwa na jina la mtengenezaji. Kaka akasema andika Mwenyezi Mungu. Nikaandika "haijulikani", kwa sababu ningetaja jina wangeomba anwani.

Nilikuwa nacheka siku zile. Nilimsimulia kila aliyeingia ofisini, na baadhi ya wateja wa Sokon I walikuja kulipia ili tu wasikie fomu imefikia wapi. Kwenye mwezi wa nne cheko lilianza kunipungua. Amplifaya mbili za Akheri ziliungua kwa mpigo, kaka akanunua kwa hela ya ada ya shule ya mwanawe, na mimi nilikuwa bado niko kwenye Kiambatisho C.

Kiambatisho D ndicho kilichotumaliza. Kilisema mwombaji ataitisha mkutano wa wadau katika eneo lenye gharama kubwa zaidi, mbele ya afisa wa Ofisi, na wadau watatoa maoni yao kwa uhuru kuhusu bei inayopendekezwa. Wakatupa na karatasi ya kusaini, tayari imepigwa mistari. Namba. Jina. Simu. Kiasi ambacho mdau yuko tayari kulipa. Sahihi.

Naomba msomaji aitazame karatasi hiyo vizuri. Kama ameishi nchi hii zaidi ya wiki mbili na ana ndugu, anaijua. Ameiona kwenye vikao vya harusi, vya sendofu, vya kipaimara, vya kununua kinanda cha kanisa. Aliyeitunga bila shaka alikuwa mtaalamu mkubwa, na bila shaka hajawahi kualikwa popote.

Mimi sikuiona. Ningeiona ningeichana. Nilikuwa nimechoka, nikaona mistari, nikashukuru kwamba safari hii hawakuniambia nichore mwenyewe.

Tulitangaza mkutano kanisani, kwenye matangazo ya usharika baada ya ibada, kwa sababu kule kwetu jambo lisilotangazwa kanisani halijatokea. Kanuni zilitaka kivuli, viti na maji ya kunywa kwa wadau. Tukakodi turubai na viti vya plastiki. Kaka akaona aibu kuwaita wazee wa kwao akawapa maji matupu, akaongeza soda na pilau. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi watu wa Akheri wakatoka kwenye migomba yao wakakuta turubai, viti, pilau inanukia, meza yenye kitambaa, mimi nimekaa na karatasi yenye mistari, na mtoto wao amesimama mbele amevaa suti.

Kaka si msemaji. Alishika kipaza sauti kama kinaweza kumuuma. Akasalimia wazee shikamooni, akasalimia vijana, akashukuru kwa kuacha kazi zao. Halafu akasema, na maneno haya yako kwenye muhtasari kwa mkono wangu mwenyewe:

"Ndugu zangu, nimewaita kwa sababu nimeelemewa. Mzigo umenizidi. Peke yangu siwezi."

Alitaka kuendelea na jedwali la gharama. Hakupata nafasi. Mama mmoja mstari wa mbele akasema "pole, baba", na turubai zima likaitikia "pole". Mwalimu mmoja mstaafu, aliyemfundisha kaka darasa la kwanza na ambaye hajawahi kukaa kikaoni bila kuwa mwenyekiti wake, akasimama akachukua kipaza sauti kwa upole tu, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Mmemsikia mtoto wetu," akasema. "Huyu ndiye anayetutangazia misiba yetu. Leo limemfika yeye. Tutamwacha?"

"Hatumwachi!"

Zilipita dakika tano, sizidishi. Ndani ya dakika tano kikao kilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Watu wetu wanaweza kukaa mwaka mzima bila maji ya bomba, lakini hawawezi kukaa dakika sita bila mweka hazina. Nikamfuata mwalimu nikamnong'oneza.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, hii siyo michango. Wanatakiwa watoe maoni."

"Marahaba. Maoni yao ndiyo haya, mwanangu," akasema, akanionyesha bahasha zinazopita juu ya vichwa.

Karatasi ikazunguka. Kila mtu akafika kwenye ile safu ya nne, ya kiasi, na akafanya kile ambacho mtu mwenye adabu anafanya kwenye safu hiyo. Elfu kumi. Elfu ishirini. Kuku wawili. Lita tano za maziwa kila Jumatatu kwa miezi mitatu. Shangazi alikuja mkono kwa mkono na jirani yake, akafungua pindo la kanga, akatoa elfu hamsini ya kahawa yake, akabonyeza kidole gumba kwenye kidau cha wino akakigandamiza penye sahihi, maana vidole vyake havishiki tena kalamu. Alinishika shavu akaniambia nisilie. Sikuwa nalia, lakini aliponiambia hivyo nikaanza.

Na afisa? Kijana msafi, amekuja na kofia yenye nembo na fomu yake ya kutazama mkutano. Nilimwangalia kama anavyoangaliwa askari wa usalama barabarani na mtu ambaye taa zake hazifanyi kazi. Karatasi ikamfikia. Akaitazama, akawatazama wazee waliomzunguka, akatoa mfukoni elfu tano, akaandika, akasaini. Yeye ni namba arobaini na moja.

"Hata wewe?" nikamuuliza.

"Dada, nitakaaje mikono mitupu kwenye msiba wa watu?"

"Huu siyo msiba."

Akatafuna pilau kidogo akifikiri. "Kwani ni harusi?"

Mwinjilisti wa usharika akaombea mchango. Baada ya maombi hakuna binadamu anayeweza kusema chukueni hela zenu. Kaka alijaribu kufungua mdomo akatazamwa, akaufunga. Njiani kurudi mjini, karibu na Themi, akacheka, halafu akajifuta macho kwa tai. Akasema atawahesabia kila mmoja kama malipo ya miezi ya mbele, na Ofisi ikiona watu walivyo tayari, elfu moja watatupa kabla hatujaketi.

Kosa lililofuata ni langu na silirushi kwa mtu. Nilituma Kiambatisho D kama kilivyo. Ningeweza kuandika upya karatasi ile, elfu moja, elfu moja, elfu moja, sahihi zote kwa kalamu tano tofauti, na leo ningekuwa naandika kuhusu kitu kingine. Niliogopa kusema uongo serikalini. Nikatuma mpaka kuku.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, la haraka kuliko majibu yote tuliyowahi kupata, kwa hiyo nilijua ni baya. Kwanza, wastani wa kiasi ambacho wadau wako tayari kulipa unazidi mara nyingi bei iliyoombwa, jambo lisilo la kawaida katika mikutano ya aina hii, na mwombaji aeleze alitumia shinikizo gani dhidi ya wazee. Pili, mwombaji alipokea tozo isiyoidhinishwa. Tatu, mwombaji afafanue thamani ya kuku. Nne, mwombaji amtambulishe mdau namba arobaini na moja, ambaye sahihi yake inafanana na ya mtumishi wa Ofisi. Tano, fedha zote zirudishwe kwa waliotoa, kila mmoja asaini Fomu ya Marejesho, na maombi ya bei yatasimama mpaka fomu zote zikamilike. Neno "zote" lilikuwa limepigiwa mstari.

Nilisoma kwa sauti. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Watu wamenionea huruma," akasema. "Hilo nalo lina fomu?"

Lilikuwa nayo. Nilikuwa nimeshaichapisha.

Mwezi wa sita ulikuwa umeingia. Tukapanda Akheri na bahasha na fomu, nyumba kwa nyumba, siku tatu. Sijawahi kufanya kazi ya aibu kama ile. Kwetu mchango haurudishwi. Ukimrudishia mtu mchango wake unamwambia kwamba hutaki kumwona tena mlangoni kwako, kwa shida wala kwa raha. Ndugu walioshindwa kupatanishwa na wazee ndio hufikia hapo. Tulieleza kanuni. Tulieleza Ofisi. Watu walisikiliza, wakachukua kalamu, wakasaini kwa sababu waliona tunateseka, na karibu kila mmoja aliuliza swali lile lile kwa sauti ya chini: tumekukosea nini? Mama wa kuku aliwakataa kuku, akasema wakae kwetu kama wageni. Nikaandika "wamerejeshwa". Mwalimu alisaini bila kumtazama kaka usoni, mtu aliyemfundisha kushika penseli.

Namba arobaini na moja alikuja mwenyewe ofisini kwetu, amevua kofia. Alisaini nakala zote tatu amesimama. Akaniomba nisiandike neno "msiba" popote.

Shangazi tulimwacha wa mwisho kwa sababu anaishi mwisho, na kwa sababu tulikuwa waoga. Tulimkuta amekaa kizingitini anachambua mbegu. Akatupa maziwa ya mgando. Kaka akamsalimia, akakaa kwenye kigoda kinachomfikisha magoti kidevuni, akaeleza kila kitu kwa Kimeru, taratibu, mpaka kwenye ile namba tano. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza kitu maishani. Alimwambia na hili pia, bila kumficha: asiposaini, maombi hayasogei, na maombi yasiposogea, wiki ijayo waya unazimwa.

Shangazi akaipokea bahasha, akaipima mkononi bila kuifungua.

"Unaorudishwa ni mchango wa mtu mliyevunja naye undugu," akasema. "Mimi na wewe tumevunja?"

"Hapana, shangazi."

"Basi."

Akainama mbele, akamtia kaka bahasha mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. Alifunga taratibu kwa sababu vidole vyake havikunjiki vizuri. Halafu akaniuliza mimi kama binti yangu amefaulu.

Tulishuka kupitia shamba la kahawa. Kidau cha wino kilikuwa kwenye mkoba wangu. Fomu yake ilikuwa juu kabisa ya nyingine zote, na sehemu ya sahihi ilikuwa kamraba keupe kanakotosha kidole gumba. Nikasimama.

"Kaka. Hata mimi nina kidole gumba."

Alielewa mara moja. Naye alishafikiri hivyo, niliona. Akaichukua fomu akaisoma, na yeye si mtu wa kusoma fomu, mimi ndiye ninayemsomea. Ilisema kwamba mimi mtajwa hapo juu nimerejeshewa na sina dai lolote kwa mwombaji, la sasa wala la baadaye.

"Siku akifa," akasema, "nitasimama kaburini kwake nijue kuna karatasi mjini inayosema nilimrudishia?"

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilimkasirikia yeye na si Ofisi. Nilimwambia karatasi ni karatasi, nimejaza mia na hakuna hata moja iliyojua inachosema. Nilimwambia shangazi mwenyewe hatajua. Nilimwambia kwamba anaua laini nzima kwa ajili ya kamraba. Akanirudishia fomu, akashuka mbele yangu.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita akapanda ngazi mahali laini ya Akheri inapochepuka kutoka barabara kuu, akaichomoa. Ni kazi ya nusu dakika. Wateja wa Akheri wachache wakanunua ving'amuzi, na sasa wanaona dunia nzima isipokuwa nyumba ya jirani. Wengine wakafunika televisheni kwa vitambaa vya kufuma.

Maombi yetu hayajakataliwa. Nasisitiza hilo, kwa sababu Ofisi nayo husisitiza. Kila baada ya miezi mitatu wananiandikia kunikumbusha kwamba fomu moja haijakamilika, nami kila baada ya miezi mitatu nawajibu kwamba mdau amekataa kupokea. Wana sehemu ya sababu, mstari mmoja mfupi. Mara ya kwanza niliandika kwamba mchango haurudishwi. Wakaniomba nitaje kifungu cha kanuni.

Mwezi wa tisa alifariki mama mmoja ng'ambo ya korongo, mtu aliyepata kipaimara siku moja na shangazi. Walikuwa wasichana pamoja, waliolewa mwaka mmoja, na huyo mama ndiye aliyekaa na shangazi siku arobaini alipofiwa na mumewe. Familia yake haikumtuma mtu kwa shangazi. Siwalaumu. Ilikuwa miaka hakuna anayetumwa, na kila mmoja alidhani mwenzake amesema. Tulizipata habari siku ya Jumapili kanisani mjini, kwa bahati, na nikapanda Akheri mchana ule ule nikiwa na nguo za ibada.

Nilimkuta ameshaambiwa, asubuhi ile, na mtu aliyemhurumia akidhani anampa pole tu. Amevaa kanga nyeusi, amekaa kizingitini pale pale. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikakaa chini karibu na miguu yake, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili sikuwa na karatasi yoyote mkononi.

"Amezikwa Alhamisi," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Alhamisi nilikuwa hapa. Nikasikia watu wanaimba ng'ambo. Nikajua ni mazoezi ya kwaya." Akaivuta kanga ikamfunika mabega. "Nikaimba nao, huku nachambua maharage."